Betri ya Gari Kambini: Inachoweza Kuwasha na Kinachoweza Kuiua

Katika kambi maalumu za Hifadhi ya Taifa ya Serengeti mgeni huja na kila kitu: maji, kuni au gesi, hema na umeme. Umeme huo, kuanzia taa ya kupikia chakula cha usiku hadi friji la nyama na chaji za simu, mara nyingi hutoka chini ya boneti ya gari lile lile litakalomrudisha mjini. Kanuni za hifadhi haziruhusu kuendesha gari usiku wala kutembea kwa miguu ovyo porini, kwa hiyo gari likigoma kuwaka alfajiri hakuna kumfuata jirani kilomita tatu mbele kuazima waya wa kubusti. Tatizo ambalo mjini humalizwa na vijana wanne wa kusukuma, porini linaweza kula siku nzima ya safari, na kama gari ni la otomatiki hata hao vijana wanne wasingesaidia kitu.

Mkanganyiko mkubwa katika jambo hili hutokana na kuchanganya vitu viwili, yaani umeme ambao betri inaweza kuutoa kwa mara moja na umeme wote iliouhifadhi. Cha kwanza hupimwa kwa ampea, cha pili kwa ampea-saa, na betri inaweza kuwa tajiri wa kimoja na maskini wa kingine. Chukua betri ya N70, ambayo mafundi wa Afrika Mashariki wanaifahamu vizuri kwa sababu hufungwa kwenye pickup na magari mengi ya dizeli. Namba 70 inasimama kwa ampea-saa 70, lakini kipimo hicho huchukuliwa kwa kuivuta betri taratibu, ampea 3.5 kwa saa 20, mpaka volti zishuke hadi 10.5. Haimaanishi kwamba betri hiyo itatoa ampea 70 kwa saa nzima. Mwaka 1897 Mjerumani Wilhelm Peukert alionyesha kwa hesabu kwamba kadiri betri ya risasi, yaani yenye pleti za madini ya risasi ndani ya asidi, inavyovutwa kwa kasi ndivyo jumla ya umeme inayoweza kuutoa inavyopungua, na kanuni hiyo ndiyo inayowaadhibu hadi leo watu wanaofunga mzigo mkubwa kwenye betri ndogo.

Betri ya risasi na asidi iliundwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na misingi yake haijabadilika sana tangu wakati huo. Kilichobadilika ni umbo la pleti zilizo ndani. Betri ya kuwashia gari hutengenezwa kwa pleti nyembamba na nyingi, ili eneo linalogusana na asidi liwe kubwa na umeme uweze kutoka kwa mkupuo. Stata ya injini ya dizeli inaweza kuvuta ampea 300, lakini kwa sekunde mbili au tatu tu, kisha alteneta, yaani jenereta ndogo inayozungushwa na injini, inashika kazi na kurudisha kilichotumika. Ukipiga hesabu, ampea 300 kwa sekunde tatu ni robo ya ampea-saa moja. Kwa maneno mengine, betri ya N70 ambayo kila asubuhi inazungusha injini nzito haitumii hata asilimia moja ya akiba yake kufanya hivyo, na huishi maisha yake yote ikiwa karibu imejaa. Hivyo ndivyo ilivyokusudiwa kuishi.

Kambini inaombwa kitu kilicho kinyume kabisa, yaani umeme kidogo kwa saa nyingi. Kila betri inapotoa umeme, pleti zake hufunikwa na salfeti ya risasi. Ikichajiwa mapema salfeti hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka, lakini ikiachwa imeshuka kwa siku kadhaa, chembe zake hukua, hukomaa na kukataa kurudi. Zaidi ya hapo, pleti nyembamba zikimalizwa chaji kabisa mara kwa mara hulegea na kumong'onyoka, na unga wake hujikusanya chini ya betri. Waliokulia vijijini wakati televisheni iliendeshwa kwa betri ya gari wanaufahamu ugonjwa huu bila kuhitaji kuelezwa kemia yake: betri mpya iliangaza taarifa ya habari wiki nzima, miezi michache baadaye ikawa siku tatu, na mwishowe mtu alikuwa akiibeba kwenda kuchajiwa mjini leo na kesho tena. Wengi walimlaumu aliyewauzia betri, ingawa betri ilikuwa imefanyishwa kazi isiyo yake. Wapo waliojaribu kuifufua kwa kuongeza asidi, jambo ambalo huharakisha kifo chake, kwa sababu kinachopungua ndani kwa kawaida ni maji, na kinachotakiwa kuongezwa ni maji ya betri yaliyosafishwa peke yake.

Ni kiasi gani basi kinaweza kuchotwa bila madhara? Kwa betri iliyotengenezwa mahsusi kwa kazi ya kushuka na kupanda, yenye pleti nene, nusu ya ujazo wake ni kiwango kinachokubalika. Kwa betri ya kuwashia gari ningeshauri isivuke theluthi moja, hasa kama injini ni ya dizeli, ambayo asubuhi ya baridi inahitaji plagi zake zipashwe moto kabla stata haijazungushwa. Theluthi ya N70 ni ampea-saa 23 hivi. Ukizidisha kwa volti 12 unapata wati-saa zipatazo 280, na huo ndio mfuko mzima wa matumizi, ilimradi betri iwe mpya na ilifika kambini ikiwa imejaa. Betri ya miaka mitatu iliyokaa karibu na injini katika joto la pwani inaweza kuwa imebakiwa na nusu ya ujazo wake bila dalili yoyote kwa dereva, kwa kuwa robo ya ampea-saa ya kuwashia gari bado inapatikana.

Mita ya kawaida ya fundi umeme husaidia kujua hali ilivyo, kwa sharti kwamba betri iwe imepumzika saa kadhaa bila kuchajiwa na bila mzigo. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 au 12.7, ikisoma 12.4 imebaki na robo tatu hivi, 12.2 ni karibu nusu, na 12.0 ni robo. Tofauti kati ya shibe na njaa haifiki volti moja, kwa hiyo zile taa tatu za rangi zinazobandikwa kwenye vifaa vya bei nafuu hazitoshi kumwongoza mtu. Hapa pia pana mtego unaowanasa wengi. Inveta nyingi, yaani vifaa vya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, huanza kulia betri ikifika volti 11 hivi na hujizima kwenye 10.5, na mwenye nayo huamini kwamba kengele hiyo inamlinda asikwame. Kwenye mzigo mdogo wa taa na simu, betri inayosoma 10.5 imekwisha kabisa, na gari halitawaka. Kengele ile imewekwa kwa ajili ya inveta yenyewe. Mafriji ya kambi ya kampuni makini huwa na kitufe chenye viwango vya kukata umeme, na kwa friji lililofungwa kwenye betri ya kuwashia gari ni lazima kuchagua kiwango cha juu kabisa, ambacho hukata mapema.

Tukirudi kwenye matumizi, taa mbili za LED za wati 5 zikiwaka saa tano hula wati-saa 50. Simu ya kisasa yenye betri ya mAh (miliampea-saa) 5,000 hubeba wati-saa zipatazo 19, na pamoja na umeme unaopotea njiani inachukua kama 25 kujaa, kwa hiyo simu tatu ni 75. Jumla ni wati-saa 125, sawa na ampea-saa kumi na kidogo, na betri ya gari inazimudu usiku mmoja bila shida. Hali hubadilika friji linapoingia. Friji la kompresa la volti 12 lenye ujazo wa lita 40 huvuta wati 45 hivi linapofanya kazi, lakini halifanyi kazi muda wote. Usiku wa ubaridi kompresa yake inaweza kuzunguka theluthi ya muda, na mchana wa Tsavo au Ruaha ikazunguka zaidi ya nusu. Kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi friji hilo litakula ampea-saa 15 hivi, ukijumlisha na taa na simu unakuwa umefika 25, yaani umeshapita kidogo kikomo tulichokiweka. Usiku wa kwanza gari litawaka. Likibaki limeegeshwa mchana kutwa na friji likaendelea, asubuhi ya pili hakuna anayeweza kuahidi kitu.

Yapo pia yale maboksi ya kupooza ya bei nafuu yasiyo na kompresa, ambayo huvuta ampea nne au tano mfululizo usiku na mchana. Kwa siku moja boksi la namna hiyo linaweza kumaliza zaidi ya ampea-saa 100, kuliko betri nzima ya N70, na bado huweza tu kushusha joto kama nyuzi 20 chini ya joto la nje. Nje kukiwa nyuzi 38, maziwa yatakuwa kwenye nyuzi 18. Ni afadhali boksi la barafu lisilo na waya.

Swali linalokuja mara nyingi baada ya friji ni la birika la umeme, na lenyewe linafundisha kuliko yote. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 kunahitaji wati-saa 93, na pamoja na hasara za inveta ni kama ampea-saa tisa za betri. Kwa hesabu ya akiba, chai ya watu wanne si ghali hata kidogo. Lakini birika la nyumbani la wati 2,000 linataka umeme huo wote ndani ya dakika tatu, na ili inveta itoe wati 2,000 kwenye volti 230 lazima ivute kutoka kwenye betri ampea 185 hivi. Chini ya mzigo huo volti za betri huporomoka, inveta hulia na kuzima, na waya zisizo na unene wa milimita za mraba 50 au zaidi hupata moto. Birika la volti 12 la wati 150 haliumizi betri namna hiyo, ila maji yake huchukua dakika 40 na zaidi kuchemka, wakati jiko dogo la gesi lingemaliza kazi mapema. Kanuni ninayoifuata ni kwamba chochote ambacho kazi yake ni kuzalisha joto, iwe pasi, birika, jiko la umeme au mashine ya kukaushia nywele, hakina nafasi kwenye betri ya gari.

Inveta yenyewe inastahili kutiliwa shaka kidogo. Hata ikiwa haijachomekwa kitu chochote hula nusu ampea hadi ampea moja kwa kuwa tu imewashwa, na usiku mzima hiyo ni kati ya ampea-saa sita na kumi na mbili za bure. Simu, taa, feni ndogo na kompyuta mpakato nyingi zinaweza kuchajiwa kwa chaja za volti 12 moja kwa moja, na kupandisha umeme hadi 230 ili chaja iushushe tena ni kulipa nauli ya kwenda na kurudi bila kushuka garini. Inapobidi kutumia inveta, ile inayotoa wimbi safi, yaani laini kama la umeme wa ukutani, ndiyo inayofaa kwa vifaa vya tiba na vyenye mota, maana wimbi la ngazi la zile za bei ya chini huweza kuvipasha moto au kuvifanya vivume. Na volti 230 inayotoka humo huua sawasawa na ile ya ukutani, penye umande na majani mabichi.

Kuhusu waya, watu wengi hufikiria juu ya kuungua tu na kusahau kupotea kwa volti. Kama friji liko nyuma ya gari na waya wake una urefu wa mita tano, umeme husafiri mita kumi kwenda na kurudi. Katika waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ampea 10 za friji na vifaa vingine vilivyo kwenye waya huo hupoteza volti 0.7 njiani, kwa hiyo betri inayosoma 12.2 inalifikia friji ikiwa 11.5, na friji hujizima likidhani betri imekwisha. Fundi huitwa, betri hubadilishwa, na tatizo linabaki pale pale. Waya wa milimita za mraba 6 hupunguza upotevu huo hadi chini ya 0.3. Tundu la kuwashia sigara nalo kwa kawaida lina fyuzi ya ampea 10 hadi 20, ambayo ni kama wati 120 hadi 240, na inveta ya wati 1,000 iliyochomekwa hapo itaishia kukata fyuzi. Anayefunga waya wake mwenyewe aweke fyuzi karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Fyuzi ikiwekwa kwenye upande wa kifaa, sehemu yote ya waya kabla yake haina mlinzi, na betri ya gari ikipigwa shoti inatoa mamia ya ampea bila kusita, kiasi cha kufanya spana iliyoangukia nguzo zake iwe nyekundu kwa moto.

Njia ya kawaida ya kurudisha umeme ni kuendesha gari, na safari ndefu kama ya kutoka Arusha hadi Seronera, katikati ya Serengeti, hujaza betri vizuri. Mizunguko ya kutazama wanyama ni jambo jingine. Gari hutembea polepole, huzimwa kwa nusu saa mbele ya simba waliolala huku redio ya mawasiliano, friji na chaja tano zikiendelea, kisha huwashwa na kwenda mita mia mbili kumtazama twiga. Alteneta iliyoandikwa ampea 80 hutoa kiasi hicho injini ikizunguka kwa kasi. Injini ikiwa imetulia hutoa sehemu ndogo tu. Isitoshe, betri ya risasi hupokea chaji kwa pupa ikiwa na njaa na kwa uvivu inapokaribia kujaa, na sehemu ile ya mwisho huchukua saa nyingi hata alteneta iwe kubwa kiasi gani. Kuacha injini ikiunguruma kambini ili kuchaji ni matumizi mabaya ya dizeli, ni kero kwa majirani, na ni hatari kwa waliolala, kwa kuwa moshi wa ekzosi una monoksidi ya kaboni ambayo haina harufu wala rangi na huweza kujaa ndani ya hema.

Kwa anayepiga kambi zaidi ya usiku mmoja mahali pamoja, suluhisho la kweli ni betri ya pili iliyotenganishwa na ile ya kuwashia. Relei inayohisi volti huziunganisha alteneta inapofanya kazi na kuzitenganisha injini inapozimwa, hivyo hata friji likimaliza betri ya pili yote, ile ya kwanza haijaguswa. Kama betri ya pili ni ya lithiamu, relei peke yake haitoshi: lithiamu hupokea chaji bila breki na inaweza kuifanya alteneta ifanye kazi kwa nguvu zake zote mpaka ichemke, kwa hiyo huwekwa chaja ya betri kwa betri katikati ili kuweka kikomo. Kwa upande wa faida, betri ya lithiamu ya ampea-saa 100 huruhusu kutumia asilimia 80 na zaidi ya ujazo wake na ina uzito wa nusu ya ile ya risasi. Katika malori na mabasi ya volti 24, yenye betri mbili za volti 12 zilizofungwa kwa mfululizo, wapo wanaochukua volti 12 za redio na friji kwenye betri moja kati ya hizo mbili. Betri hiyo hushuka peke yake, mwenzake huchajiwa kupita kiasi kila gari linapotembea, na zote mbili hufa kabla ya wakati. Kipo kifaa cha kushusha volti 24 hadi 12, na bei yake ni ndogo kuliko ya betri moja.

Paneli ya sola ya wati 100 katika nchi zetu zilizo karibu na Ikweta huweza kurudisha kama ampea-saa 30 kwa siku ya jua zuri, ambazo zinatosha kubeba friji dogo mahali pasipo na joto kali. Kikwazo ni kivuli. Gari huegeshwa chini ya mgunga ili friji lipate ubaridi, na paneli iliyofungwa juu ya paa hupata vivuli vya matawi. Kwa kuwa seli zake zimefungwa kwa mfululizo, kivuli kwenye seli chache tu hushusha umeme wa paneli nzima kwa kiasi kikubwa. Paneli ya kukunja yenye waya mrefu, inayowekwa juani mbali na gari, huondoa ugomvi huo, ila nyani wasisahauliwe.

Betri ikishuka licha ya yote haya, kubusti kunafanyika kwa mpangilio: waya mwekundu kutoka chanya ya betri iliyoshuka hadi chanya ya betri nzima, kisha mweusi kutoka hasi ya betri nzima hadi kwenye chuma cha injini ya gari lililozimika, mbali na betri yake, kwa sababu cheche ya mwisho haitakiwi kutokea mahali ambapo haidrojeni, gesi ya kulipuka inayotoka kwenye betri, imejikusanya. Lori la volti 24 halifai kulibusti gari la volti 12, hata kama ndilo pekee lililopita asubuhi hiyo, isipokuwa dereva wake ajue kuchukua betri moja peke yake. Gari likishawaka, kuzunguka nalo nusu saa hakuijazi betri. Baada ya safari iunganishwe na chaja ya ukutani usiku kucha, kisha ipumzike nusu siku na kupimwa. Ikisoma chini ya 12.4 pamoja na chaji yote hiyo, ibadilishwe kabla gari halijatoka tena kwenda porini.